Meseji za afya kwenye telefone: kwa nini wengi wanajiandikisha, na kwa nini wanaacha njiani

Lulimba iko katika sekta ya Ngandja, wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, karibu na mipaka ya majimbo ya Maniema na Tanganyika. Kwa mambo ya afya, iko ndani ya zone ya afya ya Kimbi-Lulenge. Ni mahali pa wakulima, wafanyabiashara, watu wanaokwenda na kurudi kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, na familia zilizokimbia vita. Mvua ikinyesha sana barabara inaharibika, na mgonjwa anaweza kumaliza siku nzima njiani juu ya pikipiki. Ndiyo maana wazo la kutumia telefone kwa mambo ya afya linapokelewa vizuri: habari inaweza kupita hata kama gari haipiti.

Lakini programu hizi zina tabia moja inayojulikana karibu dunia nzima. Siku za kwanza watu wanajiandikisha kwa wingi. Kisha wiki zinapita, wanaojibu wanapungua, wanaouliza wanapungua, na mwishoni meseji zinaendelea kutumwa kwa watu ambao hawazisomi tena. Makala hii inaeleza programu hizo zinafanya kazi namna gani, kwa nini watu wanaacha, nini kimeonekana kinawafanya wabaki, na maswali ambayo wakaaji wanaweza kuuliza kabla ya kutoa namba zao.

Programu za namna gani?

Kuko aina nne kubwa.

Ya kwanza ni meseji fupi. Mtu anatuma neno fulani kwenye namba fupi, kisha anapokea mashauri: juu ya mimba, chanjo, malaria, au kukumbushwa kunywa dawa. Inafanya kazi hata kwenye telefone ndogo ya vitufe.

Ya pili ni namba ya sauti. Mtu anapiga, anasikiliza ujumbe uliorekodiwa au anaongea na mshauri. Hii inasaidia wasiojua kusoma, na inaweza kutumia lugha za kwetu kama Kiswahili au Kibembe.

Ya tatu ni grupu za WhatsApp na mitandao mingine. Inahitaji telefone kubwa, mega na rezo nzuri. Maandishi na odio vinakula mega kidogo. Video inakula nyingi.

Ya nne ni kuunganisha redio na telefone: wasikilizaji wanasikia kipindi, wanatuma maswali, na muganga anajibu hewani.

Kujiandikisha si kushiriki

Mwaka 2005, mtafiti Gunther Eysenbach, aliyekuwa akichunguza mambo ya afya kwenye intaneti, aliandika juu ya kitu alichokiita kanuni ya kupungua. Alisema kwamba katika programu za afya za intaneti, kuacha njiani ni jambo la kawaida, si ajali, na kwamba lazima lihesabiwe na kuelezwa. Alitofautisha watu wa aina mbili: wanaoacha kutumia programu yenyewe, na wanaopotea kabisa hata hawapatikani tena kuulizwa.

Jambo hilo ni muhimu kwa sababu ripoti nyingi za miradi zinahesabu vitu vilivyo rahisi kuhesabu: meseji ngapi zimetumwa, watu wangapi wameandikishwa, grupu ina namba ngapi. Meseji iliyotumwa inaweza kufika kwenye telefone iliyozimwa, au kwa mtu aliyebadilisha kadi, au kwa baba wakati ilikuwa ya mama.

Kwa upande mwingine, mtu anayenyamaza si lazima awe ameacha. Mama anaweza kusoma ujumbe juu ya CPN, asijibu kitu, lakini wiki inayofuata akaenda kupima mimba. Huyo ameshiriki kuliko mtu anayeandika "Amina" chini ya kila ujumbe bila kufanya kitu. Kwa hiyo mahali pazuri pa kuona kama programu inafanya kazi ni ndani ya daftari za kituo cha afya: wangapi wamekuja CPN ya kwanza na ya nne, watoto wangapi wamemaliza chanjo, wagonjwa wangapi wamerudi kuchukua dawa.

"Mambo?" – "Sawa" au "Shida"

Mfano unaojulikana sana unatoka Kenya. Kati ya mwaka 2007 na 2008, jaribio linaloitwa WelTel lilifanyika katika vituo vitatu, viwili Nairobi na kimoja Kajiado, kwa watu walioanza dawa za kupunguza virusi vya ukimwi. Kila wiki, muuguzi alituma meseji ya neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48: "Sawa" kama hakuna tatizo, au "Shida" kama liko. Aliyejibu "Shida", na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa telefone na muuguzi.

Wagonjwa 538 walishiriki, wengine na meseji, wengine bila meseji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Kati ya waliopokea meseji, asilimia 62 walisema wanakunywa dawa zao vizuri. Kati ya wasiopokea ilikuwa asilimia 50. Virusi vilishuka mpaka kiwango cha chini kwa asilimia 57 ya kundi la meseji, na asilimia 48 ya kundi lingine.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, meseji haikutaja ukimwi wala dawa. Mume, dada au jirani akiiona, anaona salamu tu. Pili, upande wa pili kulikuwa mtu. Mgonjwa alijua akiandika "Shida" kuna muuguzi atakayepiga, na akinyamaza pia kuna mtu atakayeuliza kwa nini.

Meseji nyingi zaidi si bora zaidi

Jaribio lingine la Kenya, katika kituo cha Chulaimbo karibu na Kisumu, liliuliza swali tofauti: mtu akumbushwe mara ngapi? Wengine walipokea meseji kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Kati ya waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kunywa dawa kwa muda wa wiki 48. Wasiokumbushwa walikuwa asilimia 40. Waliopokea kila siku hawakupata faida hiyo. Kuongeza maneno mengi ndani ya meseji pia hakukusaidia.

Hata bila utafiti, mwenye telefone anajua jambo hili. Kinacholia kila siku kinazoeleka, kisha kinachosha. Grupu inayotuma odio kumi kwa siku inawekwa kimya, na siku tangazo la kweli la kolera likitumwa, hakuna anayelisikia.

Fundisho kutoka Zanzibar kwa watu wa vijijini

Zanzibar, mwaka 2009 na 2010, mradi wa akina mama wajawazito ulijaribiwa katika vituo 24 vya afya na wanawake 2,550. Kundi moja lilipokea meseji za mashauri pamoja na vocha ya unite ili mama aweze kumpigia mkunga. Katika kundi hilo, asilimia 60 walizaa mbele ya mhudumu mwenye ujuzi. Katika kundi lingine asilimia 47.

Lakini watafiti walipotenganisha mji na kijiji, waliona kwamba faida ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa vijijini, hali ya kuzalia kwa mhudumu haikubadilika.

Kwa Lulimba fundisho hilo ni zito. Meseji inaweza kumwambia mama azalie kituoni, lakini haimpi njia ya kufika usiku, haimlipii motari, na haiweki mkunga mahali asipokuwepo. Mama anayepewa shauri asiloweza kulifuata, mara ya pili hasomi tena. Wanaopanga programu wanaweza kusema "ameacha kushiriki", kumbe kilichomwacha ni barabara.

Yanayofanana yanaonekana huduma zinapoondoka. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifanya kazi Fizi na Baraka kwa miaka mingi tangu 2003, na mwishoni mwa mwaka 2020 likatangaza kuondoka Fizi baada ya visa vya uhasama juu ya wafanyakazi wake. Mahali ambapo dawa za bure zimekwisha, ujumbe unaosema "peleka mtoto mapema kituoni" unasikika tofauti kwa mzazi asiye na pesa ya fishi.

Bure, na kwa njia inayojulikana

Tanzania ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni mwezi wa Novemba 2012. Mtu alituma neno "mtoto" kwenye namba 15001 na kupokea mashauri ya mimba na ya mtoto mchanga, bila kulipa, kwa mtandao wowote. Matangazo yalipita redioni, kwenye televisheni na vituoni, na hata baba au bibi waliweza kujiandikisha. Mamia ya maelfu walijiunga. Afrika Kusini nayo ilianzisha MomConnect mwezi wa Agosti 2014: mama anaandikishwa na muuguzi wakati wa kupima mimba, na anaweza kutuma swali au malalamiko akajibiwa.

Huduma nyingine ya meseji nchini Tanzania, m4RH, ilitoa habari za uzazi wa mpango. Katika jaribio la miezi 10, watu 2,870 waliitumia na kuuliza mara 4,813 juu ya njia mbalimbali. Wengi wao walikuwa vijana wa chini ya miaka 30, watu ambao mara nyingi wanaogopa kuuliza swali hilo mbele ya muuguzi anayejua wazazi wao. Hapo telefone ilishinda kituo, kwa sababu ililinda siri.

Yaliyoonekana hapa Congo

Congo haikuanza leo. Mwaka 2005 shirika la ASF, tawi la PSI, lilifungua Ligne Verte, namba ya bure ya mashauri ya uzazi wa mpango, kwa ushirikiano na kampuni ya Vodacom. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sehemu kubwa ya waliopiga walikuwa wanaume. Kwa watu wa Fizi si ajabu sana: katika nyumba nyingi telefone inakaa mfukoni mwa baba. Lakini hii ilionyesha pia kwamba baba anauliza, akipata mahali pa kuuliza bila aibu. Programu ya mimba inayomwacha baba nje inampoteza mwenye telefone, na mara nyingi mwenye kuamua pesa ya usafiri.

Kisha ikaja Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 walikufa. Ugonjwa uligusa Kivu ya Kusini pia, huko Mwenga, mwezi wa Agosti 2019. Mnamo Septemba 2018, watafiti waliuliza watu 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo kweli, na karibu theluthi moja tu walikuwa na imani na viongozi wa mahali. Wenye imani ndogo ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kukubali chanjo na kwenda hospitali.

Watu hao hawakukosa ujumbe. Redio, mabango, meseji na magari yenye vipaza sauti vilikuwepo. Walichokosa wengi ni mtu wanayemwamini wa kujibu maswali yao: kwa nini pesa inakuja kwa Ebola na haiji kwa malaria, kwa nini maiti inafungwa hivyo, nani anafaidika. Swali lisilojibiwa linajibiwa na uvumi, na uvumi una mbio kwenye WhatsApp. Mpox ilipoenea kutoka Kamituga, huko huko Mwenga, kuanzia mwaka 2023, maneno ya namna hiyo yalisikika tena.

Vizuizi vya Lulimba

Ukiyaweka pamoja, sababu za watu kuacha zinafahamika vizuri kwa anayeishi kwetu:

Rezo na moto. Rezo inapatikana mlimani au karibu na nguzo, na telefone inachajiwa kwa solaire au kwa kulipa kwenye duka. Ujumbe uliotumwa saa tatu asubuhi unaweza kufunguliwa kesho yake.

Pesa. Hata ikiwa kupokea ni bure, kujibu kukilipisha unite, watu watapokea tu. Mega za video ni chakula cha mtoto kwa familia nyingi.

Telefone ya nyumba nzima. Mama hana siri. Ujumbe juu ya uzazi wa mpango au ukimwi unaweza kuleta ugomvi, hata kipigo.

Lugha. Meseji ya Kifaransa inapitwa. Kiswahili cha vitabu nacho kinachosha. Watu wanataka Kiswahili wanachoongea, na wazee wengine wanataka Kibembe.

Kuhama. Vita ikianza, au chimbo jipya likifunguliwa, watu wanaondoka, kadi inapotea, namba inabadilika.

Woga. Katika eneo lenye vikundi vya silaha, mtu anayeombwa jina, kijiji na namba ana haki ya kujiuliza orodha hiyo itafika wapi.

Nini kinawafanya watu wabaki

Mifano yote hapo juu inaelekea upande mmoja. Watu wanabaki na programu ambayo ina mtu wanayemjua nyuma yake, na ambayo shauri lake linaweza kufuatwa pale walipo.

Huku kwetu mtu huyo yupo tayari: ni reko, mjitoleaji wa afya wa kijiji, pamoja na muganga msimamizi wa kituo na kamati ya CODESA. Telefone ikimsaidia reko, ina maisha. Reko anaweza kupokea odio moja kwa wiki, akaisikilizisha kwa akina mama sokoni, kanisani, msikitini au kwenye kisima, akakusanya maswali kumi, akayarudisha kwa muganga. Redio inaweza kuchukua maswali hayo na kuyajibu kwa wote, bila kutaja majina. Hivyo mama asiye na telefone naye anashiriki, na anayeogopa kuuliza anapata jibu la swali la mwenzake.

Njia hiyo inadai kitu kimoja ambacho miradi inasahau mara nyingi: reko naye ana mfuko. Akiombwa kutumia unite zake kila wiki, ataacha kabla ya wanakijiji.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa namba

Mkaaji, au CODESA inayopokea mradi mpya, inaweza kuuliza haya:

1. Kupokea ni bure? Na kujibu ni bure, kwa rezo zote zinazopatikana hapa?
2. Nikiandika shida, nani atajibu, na ndani ya muda gani?
3. Ujumbe utakuwa kwa lugha gani, maandishi au sauti?
4. Utatumwa mara ngapi kwa wiki?
5. Mtu mwingine akiuona kwenye telefone yangu, atajua nini juu yangu?
6. Namba na majina yetu yanawekwa wapi, na nani anayaona?
7. Naweza kujitoa namna gani?
8. Kile mnachotushauri, dawa, chanjo, CPN, kinapatikana kwenye kituo chetu, na kwa bei gani?
9. Mradi ukiisha, nani atabaki akijibu?

Mradi wenye majibu ya wazi kwa maswali haya unastahili namba ya mtu. Usio na jibu la swali la pili na la nane, watu wataucha wenyewe, na hawatakuwa na kosa.

Wakati ambapo telefone haitoshi

Programu yoyote ya afya, hata iliyo nzuri, haichukui nafasi ya kituo. Kuna dalili ambazo hazingoji jibu la meseji wala la grupu.

Kwa mama mwenye mimba: kutoka damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, maji kuvunjika kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Kwa mtoto mdogo: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulala mno bila kuamka vizuri, au kupumua kwa shida.

Kwa mtu yeyote: kuhara maji mengi yanayofanana na maji ya mchele. Pwani yote ya Fizi, Baraka na Uvira inajua kolera, na inaweza kumaliza mtu kwa saa chache. Aanze kunywywa maji ya chumvi na sukari ya ORS hapo hapo, aendelee kunywa njiani, na apelekwe kituoni.

Katika hali hizo, telefone ina kazi moja: kumpigia motari, reko au muganga, ili mgonjwa akute watu wamejitayarisha. Namba hizo tatu ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani nyumbani, kwa sababu chaji inaweza kuisha usiku ule ule zinapohitajika.